Madamu na Betri ya Kushoto

Sijapata kumwona mtu mwenye hasira ya kudumu kama jirani yangu. Wengine hukasirika kwa sababu jambo fulani limewapata. Yeye aliamka nayo asubuhi, akaivaa pamoja na kikwembe chake, akaenda nayo shuleni, akarudi nayo jioni kumwagilia matembele. Mtaani kwetu Kamina wote tulimwita Madamu, kwa kuwa alifundisha fizikia katika sekondari ya misheni, na hapa mwalimu wa kike ni Madamu hata akiwa sokoni anagombania bei ya nyanya. Nami nitamwita hivyo. Jina lake analo mwenyewe, na najua angechukia kulisikia likitoka mdomoni mwangu.

Nyumba zetu ziligusana migongo. Katikati palikuwa na ukuta wa matofali usiozidi kifua, kwa hiyo kila nilichosema uani kwangu alikisikia, na kila kilichomuudhi nilikisikia mimi. Vilivyomuudhi vilikuwa vingi. Watu wanaosema "karibu nimalize" kabla hawajaanza. Wanafunzi wanaoandika jibu bila kuonyesha njia. Wanaume wanaofungua redio, wakapuliza vumbi ndani, wakaifunga na kusema wameitengeneza. Hasa hao.

"Kubadilisha si kutengeneza," alikuwa akisema. Na kama mtu angemweleza kwamba anadhani pasi imeharibika kwa sababu hii au ile, angemkata kauli: "Usiniambie unawaza. Ulipima?"

Yeye alipima. Ndani ya mkoba wake, pamoja na kitabu cha nyimbo na leso, alibeba kipimo cha umeme alichokishonea mfuko wa kitambaa. Jumapili moja spika za kanisa letu zilikuwa zinavuma hata mahubiri hayasikiki. Mchungaji akawa anapandisha sauti, na spika nazo zikawa zinapandisha. Madamu akainuka kwenye benchi la akina mama, akatembea mpaka mbele, akachomoa waya ukutani. Kanisa likanyamaza ghafla.

"Madamu, niko katikati ya neno," mchungaji akasema.

"Hata Mungu hasikii lile neno, Pasta. Ngoja."

Akapiga magoti hapo hapo mbele ya madhabahu, akatoa kipimo, akagusa huku na kule, akaomba kisu, akakata, akasokota, akachomeka tena. Spika zikatoa sauti safi. "Endelea," akamwambia mchungaji, kama anavyomwambia mwanafunzi aliyekwama ubaoni, akarudi kukaa akiwa bado amekunja uso. Baadaye wazee wa kanisa walimwita wamkaripie. Nasikia wao ndio walioomba radhi.

Nilikuwa simpendi. Mwaka ambao binti yangu alikuwa darasani kwake, alikosa alama moja tu ili avuke. Nilizunguka ukuta, nikaenda kubisha mlangoni kwa heshima, na kilo mbili za samaki wa Bukama mkononi. Hakunikaribisha kiti. Aliwatazama wale samaki, kisha akanitazama mimi.

"Hii alama unataka niitoshe wapi? Mu mufuko yangu?"

"Madamu, mutoto alijaribu."

"Alijaribu njo ile nilimuandikia. Rudisha samaki yako kwa bibi yako."

Nilimrudishia mke wangu samaki wake, na binti yangu akarudia darasa. Nilimchukia Madamu mwaka mzima, na mwaka huo wote, kila Jumanne na Alhamisi, yeye mwenyewe alimwita binti yangu ukutani na kumfundisha upya bila kuombwa na mtu, akimkaripia mpaka mtoto anatoa machozi, kisha akimpa sahani ya bukari na sombe ale kabla ya kurudi. Ndivyo alivyokuwa. Alikupiga kwa mkono mmoja na kukulisha kwa mwingine, na hukujua umshike upi.

Jambo moja aliliogopa, nalo ni maji. Alizaliwa mbali na mto, hakujua kuogelea, na hata daraja la reli alilipita akiwa amefumba macho dirishani. Nililijua hilo kabla ya wengi, kwa sababu kazi yangu ni ya majini.

Mimi ni kapiteni wa boti. Wiki mbili niko Bukama, wiki mbili nyumbani Kamina. Boti yetu ni ya mradi wa afya, inabeba manesi, dawa na chanjo kwenda vijiji vya mto Lualaba mpaka ziwa Kisale, mpaka kule Sanga. Ina injini mbili nyuma, kushoto na kulia, kila moja na betri yake. Injini ikizunguka, inaijaza betri. Betri ikijaa, inawasha injini kesho yake, nayo inalisha taa, redio na friji ndogo ya chanjo. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Miaka sita iliyopita betri ya kushoto ikaanza kufa. Asubuhi nageuza ufunguo, kulia inanguruma, kushoto inatoa mlio mmoja wa "tik" na kunyamaza. Fundi wetu, mtu mpole aliyekuwa akiishi Bukama, akaleta betri mpya. Ikafa baada ya wiki tatu. Akabadilisha regileta, kile kisanduku kidogo kinachosawazisha umeme wa injini kabla haujaingia kwenye betri. Mradi uliinunua Lubumbashi, ikaja imeviringishwa kwenye gazeti, tayari ina mikwaruzo. Nilikuwepo alipoifungua. Nilimshikia bisibisi alipoifunga. Betri ikafa tena.

Chef wa mradi akaanza kutafuta mwizi. Alisema betri hazifi hivi hivi, kuna mtu anacheza. Hapo nikaogopa, kwa sababu nilikuwa na langu: tukilala vijijini, niliwaruhusu wavuvi kuchomeka simu zao kwenye boti, nao walinipa samaki. Simu haziwezi kumaliza betri namna ile, sasa nalijua. Wakati ule sikulijua, na kila Chef alipotamka neno "mwizi" nilidhani ananitaja mimi.

Nikiwa Kamina, nilimsimulia mke wangu uani. Kichwa cha Madamu kikatokea juu ya ukuta.

"Ule mekanisye alipima?"

"Alibadilisha betri na regileta, Madamu."

"Sikukuuliza alibadilisha nini. Alipima?"

Likizo ya shule ilipofika akapanda treni pamoja nami mpaka Bukama. Chef alimkubali, kwani hakudai malipo yoyote ila kusikilizwa. Madamu alisimama ukingoni, akautazama mto, akatukana kwa Kiluba maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtu wa kwaya, kisha akavua viatu na kuingia botini. Kadiri boti ilivyoyumba ndivyo alivyozidi kutufokea.

Akaniamuru niwashe injini zote mbili. Akagusa betri ya kulia kwa nyaya za kipimo: volti kumi na nne. "Hii inakula," akasema. Akagusa ya kushoto: kumi na mbili na nukta kidogo, wala haikupanda nilipoongeza mwendo. "Hii haikuli. Chakula kinapotea katikati."

Alitakiwa kuendelea kutafuta, waya kwa waya. Mtu yule aliyetufundisha wote kupima alitakiwa kupima. Lakini habari ikaja kwamba treni ya kurudi Kamina imefika mapema, jambo lisilotokea, na ikimwacha angekaa siku nne. Tena boti ilikuwa inayumba. Akafungua kifuniko cha injini ya kushoto, akaiona regileta ina mikwaruzo, akaigonga kwa kucha.

"Hii haiko mupya," akasema kwa sauti. Ukingoni walikuwepo Chef, manesi, walinzi, akina mama wauza samaki, watu kama thelathini. "Hii iko ya zamani. Mupya iko wapi?"

Fundi alikuwa ukingoni pamoja nao. "Madamu, mupya njo hiyo. Niliiweka mwenyewe. Kapiteni alikuwa pale."

Fundi akanigeukia. Sijasahau jinsi alivyonigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anasubiri tu niseme.

Nikatazama maji.

Lazima niseme huyu fundi alikuwa nani. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Alipokuwa mtoto, familia yake ilifukuzwa huku kwetu pamoja na maelfu ya wengine, wakiitwa wageni na wezi, wakakaa wiki nyingi kwenye vituo vya treni wakisubiri mabehewa. Alirudi akiwa mtu mzima kwa sababu alizaliwa huku na hakujua kwingine. Kwa hiyo Madamu aliposema "mupya iko wapi", ukingoni mtu mmoja akaguna, "Si munabajua hao," na mwingine akacheka. Madamu hakulisikia. Alikuwa anavaa viatu akiwahi treni. Mimi nililisikia. Fundi alilisikia. Alikusanya vyombo vyake kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akaondoka kabla Chef hajamaliza kumfukuza.

Regileta nyingine ikaletwa, na betri nyingine. Mambo yakaenda vizuri mwezi mmoja, au tuseme yalionekana hivyo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuunganisha betri zote mbili kwa swichi ili ya kulia iisaidie ya kushoto. Sikujua kwamba nilikuwa nazikausha zote.

Siku moja mchana, kutoka kijiji cha ziwani, tulimbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa uliodumu siku mbili. Tukiwa katikati ya mafunjo, majani yakashika propela. Nikazima injini ili niyakate. Nilipogeuza ufunguo tena, kushoto kimya. Kulia kimya. Nilivuta kamba ya dharura mpaka ngozi ya viganja ikabanduka. Nesi alikuwa ananiita, "Kapiteni! Kapiteni!" kana kwamba nilikuwa mbali. Wavuvi wawili wakaja na mtumbwi, tukamhamisha yule mama, wakapiga kafi mpaka jioni. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Habari ilimfikia Madamu Kamina kupitia manesi. Hakuitwa na mtu. Siku ya tatu nilimkuta ukingoni Bukama, tayari amevua viatu.

Safari hiyo alikaa botini tangu asubuhi mpaka alasiri. Hakutukana. Alihamisha regileta ya kulia akaiweka kushoto, na ya kushoto kulia. Kulia ikaendelea kuijaza betri, kushoto ikaendelea kukataa. "Donc si regileta," akasema. Akapima umeme unaotoka ndani ya injini: mzima. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya. Injini ikizunguka, akaweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini yenyewe. Kati ya hizo mbili kuna waya mnene tu, kwa hiyo kipimo kilitakiwa kisome karibu na sifuri. Kikasoma karibu volti mbili.

Akaukata ule waya. Nje ulikuwa mweusi, unang'aa, mzuri. Ndani, karibu na kichwa chake, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Tungeweza kubadilisha betri na regileta mpaka mwisho wa dunia, na umeme ungeendelea kufia pale.

Alikiweka kile kipande cha waya mapajani. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Regileta ya ule mekanisye ilikuwa nzima."

"Ndiyo, Madamu."

"Ulimuona akiiweka?"

Ningeweza kudanganya bado. "Nilimuona. Nilimushikia bisibisi."

Nilingoja kelele. Nilizijua kelele zake zote, za asubuhi na za jioni. Hazikuja mara moja. Alisimama, boti ikayumba, na kwa mara ya kwanza hakushika ukingo.

"Minyi nilikosa kwa macho," akasema. "Nilikuwa na haraka, niliogopa haya mayi, nikatazama tu, sikupima. Weye ulikosa na nini? Weye ulijua! Ulisimama na mudomo yako nzima, wakamuchafua muntu, ukanyamaza! Mutoto alikufa juu ya huu waya, na juu yako, na juu yangu!"

Akanitupia kile kipande kifuani. Akashuka.

Siku hiyo hiyo alimlazimisha Chef kuwakusanya watu walewale, hata wauza samaki. Alisimama mbele yao akasema kwamba yeye, mwalimu wa miaka yote hiyo, alimhukumu mtu kwa mikwaruzo. Mimi hakunitaja. Chef akasema amesikia, ila ripoti ilishakwenda Lubumbashi na fundi mwingine amekwisha kuandikwa. Madamu alimfokea mpaka sauti ikakauka. Haikubadilisha kitu.

Kesho yake alikwenda Luena, mbele ya Bukama kwenye reli hiyohiyo, ambako fundi alikuwa amehamia na anatengeneza baiskeli na vinu. Alimsimulia mke wangu mambo yaliyotokea huko, nami nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza kama mwizi niliyekuwa. Fundi alimpokea wima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Madamu, ulinisema mbele ya bantu mingi. Sasa unakuja kuniomba radhi mu lupango yangu, hapa nyumbani, hakuna muntu anasikia." Madamu akamweleza kwamba alikwisha kusema mbele ya wote. Fundi akajibu: "Minyi sikukuwa pale. Na ule aliyeniona, alisema?" Madamu akaaga. Akarudi.

Tangu siku hiyo hakunisalimu. Alimsalimu mke wangu, watoto wangu, hata mbwa wangu alimsemesha juu ya ukuta. Binti yangu alipojiandaa kwa mtihani wa serikali, alimfundisha miezi mitano. Nilipotokea uani, sauti ilikatika. Nikiingia ndani, ilianza tena palepale ilipokatikia. Mtu anaweza kuzoea kutukanwa. Sikuweza kuzoea vile. Nilimkasirikia. Nilijiambia yeye ndiye aliyesema, si mimi. Mimi sikutamka hata neno moja. Nililirudia hilo miaka sita, na kila niliporudia lilizidi kunitia kichefuchefu.

Mwaka huu, wakati wa mvua, nilikuwa kituoni Kamina nikingoja treni ya kwenda Bukama kuanza wiki zangu mbili. Benchi lilikuwa moja tu lisilovujiwa. Alikuwa amekaa hapo, amekonda, nywele zote nyeupe, na gunia la mahindi miguuni analompelekea dada yake Likasi. Amestaafu sasa. Nilisimama kwenye mvua.

"Kaa," akasema. "Utaugua, na bibi yako njo atateseka."

Nilikaa. Treni ilichelewa, kama kawaida.

"Unajua juu ya nini sikukusalimiaka?" akasema. Sauti ilikuwa ya chini, sikuwahi kuisikia. "Unawaza ni juu ulinyamaza. Hapana. Ule muntu alisema: Kapiteni alikuwa pale. Minyi nilimusikia. Nilikuwa nafunga kiatu, sikugeuza hata kichwa kukuuliza. Kila nikikuona, nakumbuka: kama ningeuliza tu. Muntu mumoja, swali moja. Miaka sita nalala na lile swali."

Ilikuwa zawadi. Nililiona hilo wazi. Alikuwa ananipa nafasi ya kwenda nyumbani mwepesi, tukigawana kosa nusu kwa nusu, naye akichukua nusu iliyo kubwa. Ningeweza kusema asante.

"Madamu," nikasema, "hata ungeniuliza, ningekudanganya."

Akageuka.

"Niliogopa Chef. Kulikuwa na mambo ya simu za bavuvi. Nilikuwa nimejitayarisha tangu asubuhi: kama wakiniuliza, nitasema sikuona. Nilikuwa na hayo maneno mu kinywa. Basi lile swali uliache. Halingesaidia kitu."

Niliona uso wake ukibadilika. Kwanza ulilegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha hasira ikarudi, ile ya zamani, ya asubuhi, ya alama moja na kilo mbili za samaki, na safari hii yote ilikuwa yangu peke yangu.

"Miaka sita!" akapaza sauti, watu wa kituo wakageuka. "Miaka sita unaniacha nabeba hii, weye uko hapa nyuma ya ukuta unakula bukari! Na leo unaniambia minyi? Minyi njo nilifukuzwa kazi? Minyi njo walinicheka?"

"Hapana, Madamu."

"Basi unaniambia minyi ya nini?"

Treni ikafika. Nilimpandishia gunia lake, naye hakukataa, ila hakusema asante wala hakunitazama. Nikaenda kukaa behewa lingine. Tiketi yangu ilikuwa ya Bukama. Tulipofika pale, kupitia dirishani, nililiona paa la ofisi yetu na kijana wa zamu akinisubiri na mwavuli. Watu wakashuka, wengine wakapanda na samaki wao. Kengele ikalia.

Sikushuka. Mkaguzi alipopita kuniuliza ninakwenda wapi, nilimwambia Luena, kwa fundi mmoja wa baiskeli.